Mwenye funguo akiondoka

Simu uliyoshika inajua kwamba saa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zinalingana, na kwamba ziko mbele ya Greenwich kwa masaa matatu. Inajua kwa sababu ndani yake kuna kumbukumbu za majira ya saa ya dunia nzima. Humo ukanda wetu umeandikwa Africa/Nairobi, na Dar es Salaam na Kampala zimeelekezwa hapohapo. Linux, Android na iPhone zote husoma kumbukumbu hizo. Kwa zaidi ya miaka 20 mlezi wake alikuwa Mmarekani mmoja, Arthur David Olson, akisaidiwa na watu wa kujitolea, na mafaili yalikaa kwenye seva ya mwajiri wake, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani.

Mapema mwaka 2011 Olson aliona kustaafu kunakaribia, akawaambia wenzake waanze kufikiria nani atashika kazi baada yake. Rasimu ya utaratibu ikaanza kuandikwa. Mwishoni mwa Septemba likatokea ambalo hakuna aliyelitarajia: kampuni ya unajimu iitwayo Astrolabe ilimshtaki mahakamani yeye pamoja na msaidizi wake mkuu, Paul Eggert, ikidai hakimiliki ya sehemu ya kumbukumbu hizo. Seva ikazimwa. Lakini kwa kuwa mazungumzo ya makabidhiano yalikuwa yamekwisha kuanza, watu walijua pa kupeleka mzigo. Katikati ya Oktoba, IANA, chombo kinachosimamia namba na majina ya intaneti, kilikuwa kimeupokea. Februari 2012 Astrolabe iliondoa kesi, na mwezi huohuo utaratibu ukachapishwa rasmi kwa jina la RFC 6557, ukieleza mratibu huteuliwa na nani na akiondoka anapatikanaje mwingine. Eggert akawa mratibu. Watumiaji wa simu hawakusikia lolote.

Wengi hudhani programu huria haiwezi kufa, maana msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuunakili. Ni kweli, leseni inamruhusu kila mtu kuchukua msimbo. Haimpi jina la programu. Haimpi tovuti, wala nywila ya akaunti inayotumika kusambaza matoleo mapya, wala fedha za michango zilizo benki. Tuseme kuna kasoro ya usalama na fundi hodari ameirekebisha usiku wa leo. Kompyuta yako haitaipokea kazi yake kwa kuwa ni nzuri. Inachofanya ni kukagua kama toleo limetiwa saini kwa ufunguo inaoutambua. Kama ufunguo ule uko ndani ya kompyuta ya marehemu ambayo hakuna anayejua nywila yake, marekebisho yapo na hayakufikii. Kinachokufa mwanzo ni mamlaka ya kusema “hili ndilo toleo halali”.

Ndiyo maana kisa cha Vim kinanigusa. Vim ni programu ya kuandikia msimbo, na mafundi wengi wa mitambo ya Linux hawalali bila kuigusa. Ukiifungua bila faili lolote, mara nyingi utaona kwenye skrini ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Mwanzilishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliwahi kujitolea kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania, akishughulikia maji na usafi wa mazingira. Hakudai malipo kwa Vim. Aliomba tu kwamba anayenufaika nayo awachangie watoto wale.

Moolenaar alitoa Vim hadharani mwaka 1991 na kuilea hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 2023, baada ya ugonjwa uliomzidia katika muda wa wiki chache. Katika miaka hiyo yote karibu kila badiliko lilipita mikononi mwake. Wengine waliandika, yeye akakagua, akarekebisha alipoona panafaa, akalipatia namba na kuliingiza. Utunzaji wa namna hii una uzuri wake, maana programu inabaki na mkono mmoja na nia moja. Lakini mkono huo ukiondoka, wanaobaki hujikuta wanajua msimbo bila kuwahi kuzoea kuamua. Christian Brabandt, mchangiaji wa miaka mingi, ndiye aliyeshika usukani pamoja na wenzake, na tarehe 2 Januari 2024 wakatoa Vim 9.1 kwa heshima ya Bram. Vim ilinusurika kwa sababu watu waliokomaa ndani yake walikuwepo. Programu nyingi zilizo ndogo kuliko hiyo hazina watu hao.

Guido van Rossum, muasisi wa lugha ya Python, yeye aling'atuka akiwa mzima. Julai 2018, akiwa amechoshwa na mabishano makali kuhusu nyongeza ndogo katika lugha hiyo, alitangaza kwamba anaachia uamuzi na kwamba hatamteua mrithi. Waliobaki walikaa miezi wakipima mifumo ya uongozi, wakapiga kura Desemba, na mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watu watano. Kanuni moja waliyoweka ingefaa kuigwa kila mahali: wajumbe wanaoajiriwa na kampuni moja wasizidi wawili.

Upande wa pili wa jambo hili unatisha zaidi. Lasse Collin wa Finland alikuwa akitunza xz peke yake, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumsonga hadharani: mbona matoleo yanachelewa, mbona hakabidhi kazi kwa mwingine? Collin aliwajibu kwamba afya yake ya akili ilikuwa imemsumbua kwa muda mrefu, na akawakumbusha kuwa hiyo ni kazi anayoifanya bila malipo. Wakati huohuo alikuwepo mchangiaji mpole na mwenye bidii aliyejiita Jia Tan. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Polepole Jia Tan akapewa haki ya kutoa matoleo.

Mapema 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake, uliofichwa kwenye mafaili ya majaribio, ambao ungempa mwenye ufunguo wake njia ya kuingia katika seva za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa kuwa tu aliona kuingia kwenye seva yake kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kulipuuza hilo. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo hayo hayajasambaa kwa wengi. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuwa ndiye Jia Tan. Collin alirudi kuisafisha programu yake.

Wapo waliotoa funzo kwamba basi ufunguo usimpe mtu. Sikubaliani nao hata kidogo. Collin hakukosea kutafuta msaidizi. Alikosewa na sisi tulioitumia kazi yake kwa miaka bila kumpunguzia mzigo, hadi aliyefika kumsaidia akawa mwenye hila. Mrithi wa kuaminika hutokana na watu watatu au wanne wanaokaguana kazi kwa miaka. Mtu aliyechoka hawezi kumpata kwa kuharakishwa.

Yapo ya kufanya ambayo hayagharimu kitu. GitHub, kwa mfano, tovuti ambako wengi huhifadhi msimbo wao, inakuruhusu kumtaja mrithi wa akaunti yako. Ukifariki, mrithi huyo akiwasilisha cheti cha kifo husubiri siku 7, au siku 21 akiwasilisha tangazo la msiba, kisha anaweza kusimamia hifadhi zako za wazi. Haitoshi, kwa sababu jina la tovuti na ufunguo wa saini viko nje ya GitHub, na hayo yanahitaji karatasi yenye maelezo, pamoja na mtu wa pili anayejua iliko. Toleo moja kwa mwaka litolewe na mwingine, mwanzilishi akiwa pembeni anatazama. Hapo ndipo itajulikana kama maelezo yaliyoandikwa yanatosha.

Nawaambia hasa vijana wetu wanaoandika maktaba za kuunganisha malipo ya simu, wanaotafsiri programu kwa Kiswahili na wanaochora ramani huria za miji yetu. Leo uko chuoni na una muda. Mwakani utakuwa na ajira, familia au masomo ng'ambo, na watu watakuwa bado wanategemea ulichokiacha. Mtaje wa pili wako sasa. Na wewe unayetumia tu, chagua programu moja unayoitegemea, umwandikie mtunzaji wake umuulize nani mwingine ana funguo. Akikujibu kwamba hakuna, omba kazi ndogo uanze nayo.