Uganda: Je, Uhuru wa Kujiunga Hupigiwa Kura?

Tarehe 29 Juni, 2000, wananchi wa Uganda waliitwa vituoni kujibu swali lisilo la kawaida. Hawakuulizwa nani awatawale. Waliulizwa kama vyama vya siasa viachiwe kufanya kazi, au nchi iendelee na mfumo wa vuguvugu, yaani siasa bila vyama, ambamo kila mgombea husimama kwa sifa zake mwenyewe. Waliojitokeza walikuwa kiasi cha nusu ya walioandikishwa, na katika hao, tisa katika kila kumi walichagua vuguvugu.

Wapo walioshangaa kusikia watu wakijinyima haki kwa hiari yao. Lakini aijuaye historia ya majirani zetu hao hawezi kushangaa sana. Chama cha Democratic Party, kilichoanzishwa 1954, kilihesabiwa kuwa cha Wakatoliki. Uganda People's Congress, cha 1960, kilihesabiwa kuwa cha Waprotestanti. Na Kabaka Yekka hakikuficha kuwa ni cha Buganda. Mwaka 1966 Milton Obote akaisimamisha Katiba. Mwaka 1971 Idi Amin akampindua Obote. Na uchaguzi wa Desemba 1980 ukazaa malalamiko ya wizi wa kura, kisha vita vya msituni. Basi Yoweri Museveni alipoitwaa Kampala, Januari 1986, wengi walikuwa tayari kumsikiliza mtu aliyesema kwamba vyama ndivyo vilivyowafikisha hapo.

Hoja yake ilikuwa na uzito. Huko Ulaya, alisema, vyama vilitokana na matabaka: mfanyakazi upande huu, mwenye kiwanda upande ule. Katika nchi ya wakulima, chama hakina pa kusimama ila juu ya kabila na dini, na hayo mtu huzaliwa nayo. Yapo pia mambo ambayo vuguvugu liliyatenda na ambayo si haki kuyasahau. Katika kila kijiji watu wazima wote walikuwa wajumbe wa baraza, nao walichagua kamati ya watu tisa kwa kupanga mstari nyuma ya wamtakaye. Mkulima aliyezoea mtawala wa kuteuliwa kutoka juu sasa alimchagua jirani yake mchana kweupe.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, fundo lilikuwapo ndani ya Katiba yenyewe, ile ya 1995. Kifungu cha 29 kilimpa kila mtu uhuru wa kuunda chama cha siasa na kujiunga nacho. Kifungu cha 75 kiliikataza nchi kuwa ya chama kimoja. Kisha kifungu cha 269 kikavizuia vyama kufungua matawi, kuitisha mikutano ya hadhara na kusimamisha wagombea. Chama kikaruhusiwa kuwapo, mradi kisifanye lolote la chama.

Watetezi walijibu kwamba vuguvugu si chama, kwa sababu kila Mganda yumo. Hapo ndipo penye utata, na kwa maoni yetu jibu hilo halikutosha. Ikiwa kila mtu yumo, basi hakuna awezaye kutoka. Vyama vya zamani vililaumiwa kwa kumfunga mtu kwa alichozaliwa nacho. Na Mganda sasa alizaliwa ndani ya vuguvugu.

Wapinzani waliisusia kura ile. Walisema kwamba haki ya kujiunga ni ya mtu mmoja mmoja, wala si mali ya wengi hata wengi waigawe au waizuie. Wenye wingi hulindwa na wingi wao. Anayehitaji kinga ya Katiba ni yule aliye peke yake.

Sisi wa Tanzania tuliwahi kukabiliwa na swali hilo hilo. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, ilikuta kwamba kiasi cha asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Pamoja na hayo, Tume ilipendekeza vyama vingi, navyo vikaruhusiwa kisheria 1992. Idadi ya waliotaka mabadiliko ilikuwa ndogo, lakini haikupuuzwa.

Uganda ilipitia njia nyingine. Tarehe 28 Julai, 2005, iliitishwa kura ya pili, na safari hii Serikali yenyewe iliwahimiza watu wavikubali vyama. Zaidi ya asilimia 92 ya waliopiga kura walivikubali, ingawa waliojitokeza hawakufika nusu. Mwaka huo huo Bunge likaondoa ukomo wa vipindi viwili vya urais. Vyama kadhaa vya upinzani, ambavyo matokeo yale yaliwapa kile walichokidai kwa miaka mingi, viliisusia kura hiyo pia, kwa sababu ile ile ya mwaka 2000.