Flaiwili iliyochakaa humtoza mwenye gari mara mbili

WENYE magari ya biashara wanaobadili klachi pleti peke yake na kuiacha flaiwili iliyochakaa hulipa mara mbili: leo kwa muuza vipuri, na miezi michache baadaye kwa fundi yule yule. Kinachoumiza zaidi si bei ya kifaa, bali kazi ya kushusha giaboksi na siku ambazo gari hulala bila kuleta hesabu.

Jambo hili linawagusa hasa wenye Toyota Hiace za dizeli zinazobeba abiria pembezoni mwa miji na mikoani, pamoja na wenye pikapu za mizigo. Magari hayo husimama na kuondoka mara nyingi kwa siku, na kila kituo na kila foleni hudai klachi. Dereva anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, au anayesafiri mguu ukiwa juu ya pedali, huifupishia maisha zaidi.

Dalili zake zinajulikana. Injini hunguruma lakini gari haliongezi mwendo, hasa mlimani likiwa na mzigo. Husikika harufu ya kuungua. Gari hutetemeka linapoondoka, na wakati mwingine gia hugoma kuingia.

Chanzo cha hasara

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa kwa bolti nyuma ya kranki shafti. Klachi pleti hubanwa kati yake na presha pleti, na msuguano wa nyuso hizo ndio unaopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Pleti ikiisha, vichwa vya ribiti hufikia flaiwili na kuichimba mifereji. Klachi inapoteleza, joto huacha mabaka ya bluu na nyufa nyembamba kama nywele. Pleti mpya ikifungwa juu ya uso wa namna hiyo hugusa sehemu chache tu, huungua na kuisha mapema.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa mfano wa kukokotolea tu, tuseme gari huleta Sh. 50,000 kwa siku, fundi hudai Sh. 100,000 kushusha na kupandisha giaboksi, na gari hulala siku mbili. Kila kufungua kunamgharimu mwenye gari Sh. 200,000 kabla hajanunua kifaa hata kimoja. Ikiwa kuchonga flaiwili kungegharimu Sh. 40,000, aliyeziokoa na kulazimika kufungua tena amepoteza mara tano ya alichookoa.

Kwa sababu hiyo, giaboksi ikishashuka, mafundi makini hubadili klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja. Aidha, huikagua oili sili ya nyuma ya kranki shafti. Ikiwa inavuja, oili itailowesha pleti mpya na klachi itateleza tena.

Hali ya soko

Jijini Dar es Salaam, wanunuzi wengi wa vipuri huelekea Gerezani, Kariakoo, au Shauri Moyo, Ilala. Bidhaa ziko za aina nne. Kwanza ni seti mpya za watengenezaji wanaojulikana, kama Exedy ya Japani, ambayo hadi mwaka 1995 iliitwa Daikin, Aisin ya Japani pia, LuK na Sachs za Ujerumani, na Valeo ya Ufaransa. Pili ni seti mpya za bei nafuu ambazo mtengenezaji wake hajulikani. Tatu ni mitumba inayotoka Japani au kupitia Dubai. Nne ni pleti kuukuu zilizobandikwa upya.

Mtumba una nafuu kwa upande wa flaiwili, kwa kuwa chuma kisicho na ufa kinaweza kuchongwa na kutumika tena. Kwa klachi pleti ni bahati nasibu, kwani mnunuzi hajui imebakiza maisha kiasi gani. Pleti iliyobandikwa upya hutegemea gundi na ribiti za aliyeifanya, na ikiachia njiani gari huvutwa.

Mnunuzi hashauriwi kutaja jina la gari peke yake. Hiace zimekuja na injini za 2L, 3L na 5L, yaani za lita 2.4, 2.8 na 3.0, na vipuri vyake visichukuliwe kuwa ni vile vile. Njia salama ni kwenda dukani na kifaa cha zamani, kisha kulinganisha kipenyo, meno ya katikati ya pleti, matundu ya bolti, na idadi ya meno ya flaiwili yanayoshikwa na stata.

Boksi zuri si ushahidi wa ubora. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, lakini mnunuzi asiye na risiti hana pa kuanzia kudai haki yake.

Kuchonga au kubadili

Flaiwili yenye mifereji midogo huchongwa kwenye mashine hadi uso uwe sawa, mradi unene wake usipungue kiwango cha mtengenezaji. Yenye nyufa za kina haifai kuchongwa, kwani inaweza kupasuka ikiwa kwenye mzunguko mkali. Ikiwa presha pleti hukaa kwenye ngazi tofauti na uso wa msuguano, ngazi zote mbili huchongwa kwa kiasi kimoja, la sivyo mkandamizo hubadilika.

Baadhi ya magari mapya ya dizeli yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, inayopunguza mtikisiko wa injini. Hiyo kwa kawaida haichongwi. Springi zikilegea hubadilishwa nzima, na bei yake ni kubwa. Anayenunua pikapu iliyotumika afanye vyema kuulizia jambo hilo mapema.

Wakati wa kufunga, nyuso zifutwe grisi yote, pleti iwekwe katikati sawasawa, na bolti zikazwe kwa kupishana. Kilomita 500 za kwanza gari liendeshwe kwa upole, bila kuzidisha mzigo.

Nani alipe?

Mara nyingi klachi huzua ugomvi kati ya mwenye gari na dereva, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Kabla ya kumkata dereva hesabu, mwenye gari adai kuona vifaa vilivyotolewa. Pleti iliyolowa oili inaonyesha sili imevuja, na hilo si kosa la dereva. Pleti iliyokwisha taratibu hadi kwenye ribiti mara nyingi ni uchakavu wa kawaida. Pleti iliyoungua ingali nene, na flaiwili yenye mabaka ya bluu, huonyesha klachi ilitelezeshwa sana, ama kwa uendeshaji mbaya, ama kwa mzigo uliozidi, ama kwa pedali iliyorekebishwa vibaya. Ni vyema vifaa hivyo visitupwe kabla ya pande zote mbili kuviona.