Njia za Faili na Saraka ya Kazi katika Majaribio ya Go: Zana za Lugha Zinapovuka Mpaka

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Tuchukulie mfano wa mtafiti aliyeko Gihundwe, wilayani Rusizi, ng'ambo ya Bukavu, anayeandika kwa lugha ya Go programu ya kutenga viambishi vya vitenzi. Orodha yake ya vitenzi imo katika faili data/vitenzi.txt, kwenye mzizi wa mradi. Programu ikiendeshwa kutoka mzizi huo, orodha husomeka. Msimbo uleule ukijaribiwa, faili haionekani.

Chanzo ni saraka ya kazi. Njia isiyoanzia kwenye mzizi wa diski hufasiriwa kuanzia hapo, na programu ya kawaida hurithi saraka alimosimama aliyeiita. Amri ya go test haifanyi hivyo: hujenga programu ya majaribio kwa kila pakeji, kisha huiendesha ndani ya saraka ya msimbo wa pakeji hiyo, popote amri ilipotolewa. Jaribio la pakeji ya uchanganuzi, basi, hutafuta uchanganuzi/data/vitenzi.txt, faili ambayo haipo.

Wengi hujitibu kwa kuandika njia kamili ya kompyuta zao. Tiba hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Mtafiti wa Bukavu au Dar es Salaam hataweza kurudia jaribio, na matokeo yatabaki ya kusadikiwa tu.

Tabia hiyo ya go test, inayodhaniwa kuwa kasoro, ndiyo dhamana yenyewe. Sampuli zikiwekwa katika saraka iitwayo testdata, kando ya msimbo wa pakeji, njia testdata/vitenzi.txt itakuwa sahihi katika kila kompyuta. Nazo zana za Go hazitaihesabu saraka hiyo kuwa pakeji. Programu yenyewe ipokee njia ya faili kutoka kwa mtumiaji, isiikariri ndani ya msimbo.

Faili zinazoandikwa na jaribio zina mahali pake: t.TempDir, iliyoingia katika toleo la 1.15 mwaka 2020, hutoa saraka ya muda inayofutwa jaribio likiisha. Toleo la 1.24 la mwaka 2025 liliongeza t.Chdir, inayobadili saraka ya kazi na kuirejesha baadaye. Hata hivyo, haitumiki katika majaribio yanayokwenda sambamba, kwa kuwa saraka ya kazi ni moja kwa programu nzima: jaribio moja likihama, mengine yote huhamishwa nalo.