Kiti kikibaki wazi shuleni, anaitwa nani?

Kila Januari hapa Shirere lazima mwanasiasa apaze sauti: Kakamega School iko kwetu, mbona watoto wetu wanapelekwa mbali? Wacha nieleze kidogo.

Hiyo ni shule ya kitaifa, siku hizi wanaiita C1. Inachukua watoto wa Kenya nzima. Kukaa karibu na geti si tiketi. Enzi za KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho 2023, nafasi ziligawanywa kwa alama, chaguo la mtoto na mgao wa maeneo. Sasa ni KJSEA: mtoto anachagua shule 12 kulingana na mkondo wa masomo, kisha anapangiwa Gredi ya 10. Lurambi ikiongezewa, Turkana inapunguziwa, na Turkana pia wana mheshimiwa mwenye maiki.

Hapo sina shida sana. Shida yangu ni baadaye.

Kuna watoto wanaopangiwa shule kubwa na hawaripoti. Karo imekosekana, ama wamepata kwingine. Kiti kinabaki wazi. Mzazi anaruhusiwa kuomba mtoto abadilishiwe shule, mradi kuna nafasi. Lakini orodha ya wanaosubiri, yenye alama na mpangilio, imebandikwa getini kila mtu asome? Mimi sijaiona. Kwa hivyo anayejua mtu anapiga simu, na mama mboga anarudi na faili yake nyumbani.

Basi mheshimiwa akijigamba kwamba amewatafutia watoto nafasi, muulizeni: nani alikuwa mbele yao kwenye foleni?