Mti mkubwa wa kivuli Ufipa: soma kabla hujatuma hela ya miche ya mepo

 Leo tuwaweke pembeni viwavijeshi na bei ya mbolea, tuongelee mti. Mti mmoja tu, mkubwa, wa kivuli.

Kijana mmoja anayelima mahindi, maharage na alizeti upande wa Laela alinitumia picha kwenye simu. "Shikamoo bwana shamba. Mti huu unaota huku kwetu?" Picha ni ya uwanja mpana wa nyumba ya ughaibuni, na katikati umesimama mti mmoja mnene wenye majani mekundu kama moto, chini yake meza na viti. Ni mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Canada tangu 1965. Kijana alikuwa ameshaongea na muuzaji wa mtandaoni, akatajiwa bei ya miche mitano. Akipiga hesabu ni magunia manne ya mahindi. Alitaka jibu kabla hajatuma hela.

Nikamwambia asitume. Lakini "usitume" peke yake siyo ushauri, maana wazo lake lenyewe ni zuri kuliko anavyodhani. Uwanja wake ndiyo ofisi yake. Hapo ndipo mzani unawekwa, hapo lori linapakia, hapo vibarua wanakula mchana. Na sote tunaujua uwanda wetu wa Ufipa: nyasi mpaka upeo wa macho, upepo, na jua lisilo na pa kukimbilia. Mnunuzi anayepima gunia la themanini akiwa amesimama juani ana haraka, na mnunuzi mwenye haraka ni mgumu kwenye bei.

Tatizo la mepo ni saa yake. Mti huu umezaliwa kwenye nchi zenye baridi kali ya miezi kadhaa mfululizo. Mbegu ya mepo ya sukari, ile wanayoikinga maji yake na kuyachemsha kupata asali ya mti (karibu lita 40 za maji kwa lita 1 ya asali), haiamki mpaka ikae kwenye unyevu na baridi ya karibu na barafu kwa miezi miwili au mitatu. Hata macho ya matawi yanasubiri baridi ipite ndipo yachipue vizuri. Utaniambia, bwana shamba, Sumbawanga Juni na Julai si tunavaa makoti? Tunavaa, ndiyo, usiku na asubuhi. Saa sita mchana koti liko begani. Baridi ya namna hiyo inamchanganya mepo: haimlazi usingizi kamili, wala haimwachi aendelee kukua.

Halafu kuna urefu wa siku. Mti ule unasoma mwanga ili ujue lini ufunge na lini ufungue. Montreal tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi ni karibu saa saba. Sisi tuko kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta, tofauti yetu ni kama saa moja tu. Ni sawa na kumwambia mtu aamke jogoo akiwika kwenye kijiji kisicho na jogoo.

Tuseme basi umefanya muujiza ukaota. Kwao mepo huwa na majani wakati wa joto na huyapukutisha wakati wa baridi, watu wapate kuota jua. Wewe kivuli unakihitaji lini? Novemba mpaka Aprili mawingu ya mvua yanakusaidia, tena muda mwingi uko shambani. Unakihitaji kuanzia Juni, mahindi yanapotoka shambani, mpaka Oktoba, jua linapouma kabla ya mvua za kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza unapochagua mti wa kivuli Ufipa siyo "unakuwa mkubwa kiasi gani?" Uliza hivi: Septemba unakuwa na majani? Miti mingi mizuri inafeli hapo.

Na kabla sijasahau, miche au mbegu kutoka nje ya nchi inahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA. Muuzaji asiyetaka hata kulisikia neno kibali, mkwepe.

Sasa kuna jambo limenichekesha. Kijana yule alikuwa ametafuta kwenye intaneti akakutana na neno "sycamore", akachanganyikiwa kabisa. Uingereza neno hilo ni jina la aina mojawapo ya mepo. Marekani ni mti mwingine kabisa. Lakini ukirudi kwenye Biblia, sycamore ni ule mti aliopanda Zakayo, na Biblia yetu ya Kiswahili imeutaja kwa jina lake: mkuyu. Yaani amezunguka dunia nzima akitafuta mti ambao matunda yake alikuwa anayaokota mtoni akiwa mtoto.

Mkuyu ndiyo chaguo langu la kwanza kwa mwenye eneo kubwa. Taji lake linatanuka kuliko kimo chake, shina linakuwa nene la kuegemea watu watano, na ukipata unyevu chini unakaa na majani karibu mwaka mzima. Ukipukutisha haukai uchi muda mrefu. Tena hauna haja ya kununua mche. Iko mikuyu ya aina zaidi ya moja, kwa hiyo usilete fito kutoka bondeni Ziwa Rukwa kwenye joto. Chukua kwenye mti ulioshinda baridi na upepo wa huku huku juu, kandokando ya mito yetu. Mwishoni mwa kiangazi kata tawi lililonyooka, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Liache kivulini siku moja au mbili utomvu ukauke, kisha mvua zikishakaa sawa lifukie theluthi moja ardhini na ushindilie udongo. Fukia matatu, maana siyo yote yatashika. Yakishika yote, bakiza moja.

Ila mkuyu una tabia zake, nisikufiche. Mizizi yake inafuata maji popote yalipo. Kisima, shimo la choo, bomba, msingi wa nyumba, vyote viwe mita 20 au zaidi kutoka kwenye shina. Matunda yanaota kwa vishada kwenye shina na matawi, na yakiiva ndege na popo wanakuja na familia zao zote. Ukiegesha gari jeupe hapo usinilaumu.

Mwenye uwanja wa wastani, karibu na nyumba, namwambia apande mparachichi wa mbegu. Siyo ule wa kubebesha, huo ni mfupi, uweke kwenye bustani ya biashara. Mparachichi wa kienyeji unapanda mita kumi na zaidi, unabaki kijani kiangazi chote, hali ya hewa ya nyanda za juu unaipenda, na matunda ni hela. Adui zake ni maji yaliyotuama na upepo, kwa sababu matawi yake hukatika kirahisi. Mizizi iko juu juu pia, kwa hiyo lori lisipite chini yake. Kivuli cha watu na magunia, sawa. Kivuli cha tairi, hapana.

Mringaringa je? Naupenda sana. Unakua haraka, maua meupe yanajaa nyuki, mbao zake fundi seremala anazijua. Lakini unapunguza majani kiangazi, kwa hiyo mahali pake ni mpakani mwa shamba na siyo kwenye mzani. Mwembe huku juu unateswa na baridi, tuwaachie wenzetu wa bondeni. Na mkaratusi panda mbali kwa ajili ya nguzo ukitaka, ila usiniambie ni mti wa kivuli. Kivuli chake ni chembamba na chini yake hakuna kinachoota.

Mahali pa kuchimba shimo ndipo watu wengi wanapokosea. Wengi wanaweka mti katikati ya uwanja kwa sababu unapendeza kwenye picha. Angalia jua. Msimu wa kupima mahindi jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo hata saa sita mchana kivuli kinalala kusini. Mti wa mita 10 mwezi Juni unalaza kivuli cha kama mita 6 saa sita, na alasiri kinarefuka kuelekea kusini-mashariki. Basi mti ukae kaskazini-magharibi mwa mahali pa kazi. Kivuli kitakuja chenyewe kwenye mzani saa zile za joto. Upande wa kusini-mashariki, unakotoka upepo wa kiangazi, weka mstari wa migrivea kama ukuta, hasa kama umechagua mparachichi.

Mche wa mparachichi uchimbie shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utenge na wa chini, changanya ule wa juu na debe la samadi iliyooza vizuri. Panda Desemba, mche upate miezi ya mvua kabla ya Mei.

Miti ya Ufipa haifi kwa kukosa mbolea. Inakufa kiangazi cha kwanza, na wauaji ni watatu: ukame, moto na mbuzi. Ukame una hesabu rahisi. Ndoo ya lita 20 kwa wiki, Mei mpaka Oktoba, ni ndoo 26 hivi kwa mti mmoja. Usiimwage kwa mkupuo. Chukua madumu manne ya lita 5, toboa kila moja tundu dogo kama la sindano karibu na kitako, yafukie nusu kuzunguka mche, maji yachuruzike polepole. Kisha weka nyasi. Bibi zetu walijua jambo hili kabla ya bwana shamba yeyote kuja: ntumba ni nini kama siyo nyasi kufukiwa zioze ziwe mbolea? Kwenye mti zitandaze juu, unene wa kiganja, ila zisiguse shina, mchwa wasipate daraja.

Hizo nyasi zikishakauka ni petroli. Nje ya duara lake palilia mpaka udongo uonekane, upana wa mita 3 pande zote, kabla ya Julai. Usisubiri uone moshi wa jirani. Kwa mbuzi na ng'ombe, uzio wa miiba wa kimo cha kifua kwa miaka miwili, hata kama mwenye mbuzi ni shemeji yako.

Jambo moja la mwisho, na hili vijana wengi mnalichukulia poa. Uwanja huo ni wa nani? Kijana wa Laela alinijibu, "Ni wa baba, ila mimi ndiye ninayeutumia." Kwenye familia nyingi kupanda mti wa kudumu ni sawa na kusimika bikoni. Kaka yako aliye mjini akirudi akakuta mkuyu wa miaka mitano, hataona kivuli, ataona umejimilikisha. Kaeni na mzee na ndugu zako kabla ya kuchimba, mkubaliane mti ni wa nani na ardhi ni ya nani, muandike, mashahidi wasaini. Kijana wangu yule ameshaongea na baba yake. Mzee hakukataa, ila shimo amelisogeza yeye mwenyewe hatua kumi zaidi kutoka kisimani.