Gitaa la besi la kuagiza kwa fundi: mzigo mdogo wenye hesabu nyingi

Sanduku la urefu wa sentimita 130 hivi, lenye uzito ambao mtu mmoja anaubeba begani, si mzigo wa kumtisha msafirishaji. Hata hivyo, gitaa la besi lililotengenezwa kwa oda maalumu linaweza kumsumbua wakala wa forodha kuliko kontena zima la vigae. Vigae hufanana na hati zake zimezoeleka. Gitaa la oda ni moja tu, lina mbao za aina tatu au nne ndani yake, lina bei isiyo na mfano sokoni, na mwenye nalo amelisubiri kwa miezi mingi.

Wanaoagiza vyombo hivi katika nchi jirani ni wapiga besi wa bendi za dansi na rumba, wapigaji wa makanisani, wenye studio na wapenzi wa chombo hiki wanaopiga nyumbani. Matatizo mengi wanayokutana nayo uwanja wa ndege au mpakani hayaanzii huko. Huanzia siku ya kuweka oda, pale ambapo mnunuzi na fundi walizungumza sauti na rangi tu, wakasahau hati.

Kwa nini wasinunue la dukani

Gitaa la besi la umeme lilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1951, pale kampuni ya Fender ya California ilipotoa modeli ya Precision. Lilikuwa na nyuzi nne na urefu wa inchi 34 kutoka kwenye daraja hadi juu ya shingo. Hadi leo magitaa mengi ya besi ya dukani hufuata vipimo hivyo.

Vipimo hivyo havimfai kila mtu. Mpigaji wa mkono wa kushoto hupata machache sana ya kuchagua. Mwingine anataka nyuzi tano ili afike chini zaidi. Mwenye vidole vifupi anataka shingo nyembamba. Mpigaji wa bendi inayokaa jukwaani kuanzia usiku hadi karibu na alfajiri anajali uzito: gitaa la kilo tatu na nusu na la kilo tano hazifanani begani baada ya saa sita. Mpenzi wa besi anaweza kupitia magitaa matano au sita ya mitumba kabla ya kuamua kuweka akiba na kuagiza moja la kwake.

Mfano unaojulikana ni wa Anthony Jackson, mpiga besi wa New York. Alitaka gitaa la besi lenye nyuzi sita, chombo ambacho hakikuwa dukani, akamwagiza fundi Carl Thompson. Gitaa lilikamilika mwaka 1975. Nafasi kati ya nyuzi ilikuwa finyu kwake, na aliendelea kuagiza mengine kwa mafundi tofauti hadi akapata alilolitaka. Somo kwa mnunuzi wa leo ni kwamba oda ya kwanza haimpi mtu kila alichokiwaza, na kipimo ambacho hakikuandikwa ndicho humgharimu.

Karatasi ya oda

Utaratibu wa mafundi wengi ni kupokea malipo ya awali, kutengeneza, kisha kudai salio kabla ya kutuma. Kusubiri miezi sita ni kawaida, na kwa mafundi wenye wateja wengi inaweza kupita mwaka. Kwa kuwa chombo kimetengenezwa kwa mtu mmoja, malipo ya awali kwa kawaida hayarudishwi.

Kwa sababu hiyo karatasi ya oda ndiyo mkataba. Inapaswa kutaja idadi ya nyuzi, urefu wa inchi, nafasi kati ya nyuzi kwa milimita, uzito wa juu unaokubalika, upande wa mkono, aina ya vinasa sauti, na kama kuna kikuza sauti cha ndani kinachotumia betri. Itaje pia nani analipa nauli na bima, mzigo unakabidhiwa wapi, na nini kitafanyika gitaa likifika limepasuka.

Kipengele kimoja husahaulika mara nyingi: orodha ya mbao zote, kwa jina la biashara na jina la kitaalamu. Hiki ndicho kinachoweza kuzuia mzigo.

Mbao zinazohitaji vibali

Biashara ya kimataifa ya baadhi ya miti husimamiwa na mkataba wa CITES, unaohusu mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Januari 2, 2017 jamii yote ya miti ya Dalbergia iliwekwa katika Orodha ya Pili ya mkataba huo. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji ni wa jamii hiyo, na ndani yake zimo pia mbao nyingi zinazotumika kwenye ubao wa vidole wa magitaa. Kwa karibu miaka mitatu, hata gitaa lililokamilika lenye mbao hizo lilihitaji hati za CITES kuvuka mpaka kibiashara.

Hali ilibadilika baada ya mkutano wa Geneva wa mwaka 2019. Kuanzia Novemba 26, 2019, vyombo vya muziki vilivyokamilika, pamoja na vipuri vyake vilivyokamilika, viliondolewa kwenye sharti hilo kwa miti ya Dalbergia iliyo katika Orodha ya Pili. Miti yenyewe haikuondolewa. Gogo, ubao au kipande kisichokamilika bado kinahitaji kibali.

Rozwudi ya Brazil (Dalbergia nigra) haimo kabisa katika nafuu hiyo. Imo katika Orodha ya Kwanza tangu mwaka 1992, na gitaa lenye mbao hiyo linahitaji hati hata likiwa limekamilika. Mnunuzi anayevutiwa na mbao hiyo kwa sifa zake afikirie mara mbili.

Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, jamii za Pterocarpus, Afzelia na Khaya za Afrika nazo ziliingizwa katika Orodha ya Pili. Wafanyabiashara wa mbao wanazifahamu kwa majina ya mninga, mkongo na mkangazi. Sharti linagusa magogo, mbao zilizopasuliwa na bidhaa nyingine chache za mbao, lakini si gitaa lililokamilika.

Hapa kuna mtego kwa mpenzi wa besi mwenye wazo zuri. Anaweza kutaka kumpelekea fundi wa Ulaya au Marekani ubao wa mninga au mpingo wa nyumbani, ili gitaa lake liwe na mbao ya kwao. Ubao huo, hata ukiwa mmoja na ukienda kwenye begi, ni mbao ghafi. Unahitaji kibali cha CITES cha kusafirisha nje pamoja na vibali vya misitu vya nchi unakotoka. Ukirudi ukiwa gitaa, hauhitaji kibali cha CITES. Anayebeba ubao huo kwa kudhani ni zawadi tu anaweza kuupoteza, na msafirishaji akajikuta akihojiwa pamoja naye.

Marekani ina sheria yake pia. Sheria ya Lacey ilipanuliwa mwaka 2008 kuhusu mimea, na inamkataza mtu kuingiza mbao zilizovunwa au kusafirishwa kinyume cha sheria za nchi zilikotoka. Mwaka 2012 kampuni ya Gibson ilikubali kulipa adhabu ya dola 300,000 katika suala lililohusu mbao za ebony kutoka Madagascar. Kama kampuni kubwa ilifikishwa hapo, fundi mdogo hatapokea ubao usio na karatasi.

Namba ya ushuru na bei

Gitaa la besi la umeme huwekwa katika fungu la 9207 la mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, kwa kuwa sauti yake lazima ikuzwe kwa umeme. Gitaa la kawaida lisilo la umeme huwekwa 9202. Ankara nyingi za mafundi huandika "gitaa" tu, na mizigo hukwama kwa ajili ya neno moja lililokosekana.

Nyuzi za akiba zimo katika 9209, na vikuza sauti katika 8518. Sanduku lililoundwa kwa ajili ya gitaa na kuja nalo huhesabiwa pamoja na gitaa. Likiagizwa peke yake linaingia 4202, lenye kiwango chake cha ushuru. Ni nafuu kuagiza vyote pamoja.

Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35. Mwagizaji athibitishe ngazi ya bidhaa yake kwa wakala kabla ya kulipa malipo ya awali. Juu ya ushuru huja kodi ya ongezeko la thamani: asilimia 16 Kenya, na 18 Tanzania, Uganda na Rwanda.

Kwa hesabu ya mfano tu: thamani ya forodha ikiwa dola 2,000 na ushuru asilimia 10, ushuru ni dola 200. Kodi ya asilimia 18 hutozwa kwenye dola 2,200, yaani dola 396. Jumla ni dola 596, kabla ya tozo nyingine kama ile ya maendeleo ya reli na ada ya wakala. Mtu aliyekusanya dola 2,000 tu hajamaliza akiba yake.

Kishawishi cha kuandika bei ndogo kwenye ankara ni kikubwa. Bei ya chombo cha oda haina mfano sokoni, hivyo ofisa wa forodha ataomba uthibitisho wa malipo ya benki. Malipo ya awali na salio vyote vinahesabika. Aidha, bima hulipa kwa kufuata thamani iliyotangazwa: aliyeandika dola 500 hatalipwa 2,000 gitaa likivunjika.

Nauli na ufungaji

Kwa ndege, mzigo hutozwa kwa uzito halisi au uzito wa ujazo, wowote ulio mkubwa. Sanduku la sentimita 130 kwa 45 kwa 20 lina sentimita za ujazo 117,000. Ukigawa kwa 6,000, kama ilivyo kawaida ya mizigo ya ndege, unapata kilo 19.5. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000, na jibu ni kilo 23.4. Gitaa lenyewe lina kilo nne. Kupunguza sentimita chache za sanduku kunaokoa fedha, mradi ulinzi wa shingo usipungue.

Shingo ndiyo sehemu dhaifu. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinaivuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Fundi azilegeze kiasi kabla ya kufunga, aweke kizuizi laini chini ya kichwa na shingoni, na aondoe betri. Sanduku gumu liingie ndani ya boksi lingine.

Kwa usafiri wa barabara, adui ni joto. Gitaa lisiwekwe karibu na injini wala juu ya shehena chini ya turubai lenye jua, kwa sababu gundi hulegea na shingo hupinda. Likifika Pwani kutoka nchi kavu na baridi, liachwe kwenye sanduku lake kwa siku nzima kabla ya kufunguliwa, ili mbao zizoee unyevu polepole.

Likielekea nchi nyingine

Gitaa lililoshushwa Dar es Salaam au Mombasa kwa mteja wa Kigali au Kampala litajwe tangu mwanzo kwenye hati kuwa ni la nchi hiyo. Chini ya Himaya Moja ya Forodha iliyoanza mwaka 2014, kodi hulipwa kwa nchi ya mwisho, na mzigo huruhusiwa kuendelea kutoka mahali pa kwanza pa kuingilia. Ukiandikwa kwa jina la ndugu wa bandarini "ili atoe haraka", kodi italipwa nchi isiyohusika na kuirudisha ni kazi.

Mwanamuziki anayevuka mpaka na chombo chake kwenda kwenye onyesho atembee na nakala ya ankara, hati ya malipo ya ushuru na namba ya gitaa. Bendi inayobeba vyombo vingi iulize forodha kuhusu uingizaji wa muda. Gitaa likirudishwa kwa fundi kwa matengenezo, liandikishwe forodhani kabla ya kutoka, ili lisihesabiwe kuwa jipya linaporudi.

Mambo ya kukamilisha kabla ya malipo ya awali

Mwagizaji awe na orodha ya mbao kwa majina ya kitaalamu, namba ya ushuru iliyothibitishwa na wakala, vipimo vya boksi, nchi ya mwisho iliyotajwa kwenye ankara, bima ya thamani kamili, na fedha za kodi zilizotengwa pembeni. Wakala naye aombe karatasi hizo mteja anapokuja kuulizia bei, kwa sababu wakati huo mbao bado inaweza kubadilishwa. Baada ya miezi sita, gitaa likiwa tayari, haiwezekani tena.