Boya na Chelezo: Asili na Mipaka ya Maana

Maneno boya na chelezo huelezwa mara nyingi kana kwamba ni visawe: kila moja ni kitu kinachoelea juu ya maji. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Maneno haya mawili yana asili mbalimbali, na katika matumizi ya leo kila moja limeshika njia yake. Mtunga kamusi anayelifasiri moja kwa kulitaja jingine tu humwacha msomaji njiani.

Tuanze na boya. Kwa kuwa neno la Kiingereza buoy lina maana hiyo hiyo, na kwa kuwa Waingereza walitawala bandari za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwa miaka mingi, ni rahisi kudhani kuwa boya limetokana na Kiingereza. Ushahidi wa sauti unapinga dhana hiyo. Waingereza hulitamka neno lao kwa silabi moja, sawasawa na wanavyolitamka neno lao la mvulana. Neno hilo la mvulana liliingia katika Kiswahili likawa boi, yaani mtumishi wa nyumbani. Maneno mengine ya Kiingereza yenye mwisho wa namna hiyo yamefuata mkondo huo huo: tai ya shingoni, na trei ya kupakulia. Kama boya lingekuwa limepokewa kutoka katika matamshi ya Kiingereza, lingetazamiwa kuwa boi pia.

Kireno, kwa upande wake, kina neno boia, lenye silabi mbili na irabu a mwishoni. Maneno ya Kireno yenye mwisho huo huingia katika Kiswahili bila kuipoteza irabu yake: mesa likawa meza, bandeira likawa bendera, igreja likawa gereza, na bomba likabaki bomba. Boya linaingia katika safu hiyo bila taabu. Historia nayo haipingi. Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 na kutekwa na Waomani mwaka 1698. Utawala wa Kiingereza na bandari zake za kisasa huenda uliyazidisha matumizi ya neno, lakini kulieneza neno si kulizaa.

Nyuma ya Kireno iko asili ya mbali zaidi, na wataalamu wa lugha za Ulaya wametoa rai mbili. Rai ya kwanza hulihusisha neno hili, kupitia Kifaransa cha kale, na shina la Kijerumani cha kale lenye maana ya ishara. Rai ya pili hulirudisha kwenye neno la Kilatini boia, yaani kongwa la mfungwa, kwa sababu boya hufungwa kwa mnyororo lisiondoke mahali pake. Kiholanzi kinaipa nguvu rai hii ya pili, kwani humo neno boei lina maana ya boya na vile vile ya pingu. Kwa rai zote mbili, hata hivyo, msingi wa jina hauko katika kuelea. Uko katika kuonyesha au katika kufungwa.

Chelezo ni kinyume chake. Neno hili limezaliwa ndani ya Kiswahili kutokana na kitenzi elea, ambacho kwa kufanyishwa huwa eleza, yaani fanya kitu kielee. Kiambishi ki- kinapokutana na irabu e huwa ch-, kama katika chema na cheusi. Ndipo tunapopata chelezo, na katika wingi vyelezo. Yafaa kuangalia kwamba eleza ya kufafanua jambo imezaa kielezo na kielelezo, ambamo ki- haikugeuka. Hivyo vyelezo huwa majini, na vielelezo huwa vitabuni; umbo lenyewe limezitenga maana hizo mbili.

Matumizi ya leo yanathibitisha mtengano wa boya na chelezo. Boya ndilo jina la alama inayoonyesha mkondo wa kupita meli. Kwa utaratibu wa kimataifa uliokubaliwa mwaka 1980, chombo kinachoingia katika bandari za Afrika Mashariki kutoka baharini huliacha boya jekundu upande wa kushoto na la kijani upande wa kulia. Boya pia ni kifaa cha kumwelesha mtu, na abiria wa Tanzania huambiwa wavae maboya. Vijana wa huko nao hulitumia kwa mtu mjinga. Chelezo limebaki kwa wavuvi, likitaja kile kinachoushika wavu juu huku chubwi ikiuvuta chini. Na pia hutaja chombo cha magogo yaliyofungwa pamoja. Zaidi ya hayo, nchini Tanzania limepata maana mpya: mahali pa kuundia na kutengenezea meli kabla ya kushushwa majini. Ndivyo lilivyotumika katika mradi wa Mwanza ambao mikataba yake ilitiwa saini mwaka 2018. Boya haliwezi kamwe kushika nafasi hiyo, kwa maana halina ndani yake wazo la kueleza chombo.

Kwa hiyo kamusi haina budi kuyatenga. Boya lifasiriwe kwanza kama alama iliyofungwa, kisha kama kifaa cha kuokolea, na asili yake iandikwe kuwa ni Kireno. Chelezo lifasiriwe chini ya eleza, pamoja na maana yake ya uundaji wa meli. Baharia anayeambiwa afuate boya, abiria anayeambiwa avae boya, na fundi anayeambiwa apeleke meli kwenye chelezo, wameagizwa mambo matatu, na kila mmoja ana haki ya kuyaona yamebainishwa.